Nta ni Nta

Jumatatu, 3 Februari 1975
Mvua. Nyumba kimya. Mke wangu Kulthumu bado yuko kwa baba yake, kule mtaa wa Annexe. Kosa langu lipi? Nilifunika nyanya za baba mkwe kwa turubai nikingoja bei ipande. Bei haikupanda. Ukungu ulipanda.

Leo baba mkwe, mzee Feruzi, kaniita. Atanipa mavuno ya wiki hii, nikayauze mwenyewe. Kisha akasema polepole, bila hasira, na hapo ndipo niliogopa: "Aruna, hii tomati ikioza tena, Kulthumu atabakia kwangu."

Kulthumu alikuwa nyuma ya mlango. Niliona miguu yake.

Jumatano, 5 Februari
Makreti ya nyanya yamefika, yameloa chapachapa. Mulenga, jirani yangu wa meza sokoni (zamani Lucien, kabla serikali haijatukataza majina ya kizungu), kaniuliza kama nimekwisha kuchimba shimo la kuzizikia. Mshenzi.

Nikakumbuka. Kulthumu alikuwa akiyeyusha nta ya nyuki na mafuta kidogo, anapaka kila nyanya kwa kitambaa, nyembamba kabisa. Zilikaa wiki nzima bila doa. Mimi nikimcheka, namwuliza kama anazipeleka kwenye ndoa. Sasa ningeweza kwenda kumwuliza kipimo. Wanasema kuuliza si ujinga. Waliosema hivyo hawakumwoa Kulthumu.

Nta ya nyuki hakuna. Watu wa asali hawatoki porini na mvua hii. Nimezunguka soko mpaka viatu vimefumuka. Nimerudi, nimeinama chini ya kitanda kutafuta viatu vingine, na hapo, mama wee! Kopo la nta nyekundu, ile ya kung'arishia sakafu. Nyekundu! Na nyanya ni nyekundu! Kulthumu na akili zake zote hakuwahi kulifikiria hili. Nta ni nta.

Nimepaka mpaka mikono imekufa ganzi. Maji sikuyafuta, nta itayafukuza yenyewe. Zenye madoa nimezipaka mara mbili.

Alhamisi, 6 Februari
Zinang'aa! Wanawake wanakuja, wanainama, wananusa, wanaondoka. Mmoja kauliza kama nimehamia nyumba mpya. Wivu tu.

Nikazipeleka kantini ya kambi ya wachimba shaba. Mpishi mkuu, Kapya, ana mafua makali, pua imeziba kama chupa. Kazitazama, kazisifu, kachukua zote. Kesho kuna wakubwa wanakuja kula. Zikipendeza, nitaleta nyanya msimu mzima. Nimetuma salamu kwa baba mkwe: Kulthumu afunge mizigo.

Nimefagia nyumba. Nimenunua sukari, maana hanywi chai bila sukari.

Jumamosi, 8 Februari
Aka! Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi ilikuwa salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, mtaa mzima tuko kwenye mtaro na majembe. Gari la kantini likasimama. Makreti yangu juu. Kapya akashuka, pua yake imepona. Nje nyanya ziling'aa, alieleza kwa sauti iliyosikika na wote; kisu kikiingia, ndani ukungu na maji. Na zile chache nzima walizikatia saladi. Mkubwa wa kwanza akatia mdomoni, akageukia meza, akauliza nani kapaka sakafu nta leo.

Kisha akanitazama mimi. "Aruna, niliomba tomati. Weye umeniletea sakafu ya salon."

Mtaro mzima ulicheka. Mulenga alikaa chini kabisa kwenye tope ili acheke vizuri. Nilizizika kwa jembe la salongo, yeye akinishikia kreti.

Jumatatu, 10 Februari
Nimekwenda Annexe. Sikupewa kiti. Mzee kasema mavuno yajayo atauza Mulenga, na Kulthumu mwenyewe atapaka nta. Alisema kama anayetaja hali ya hewa.

Kulthumu akatoka. Akauliza jambo moja tu, kama nilizikausha kwanza. Nikamjibu ndiyo, bila shaka, nani asiyejua. Akatazama mikono yangu. Bado ilikuwa myekundu mpaka kwenye kucha.

"Ungeniuliza tu," akasema. Akaingia ndani.

Nimelia njia nzima. Bahati mvua ilikuwa kubwa.

Ijumaa, 14 Februari
Nimetoka msikitini nikapita sokoni. Kulthumu yuko kwenye meza ya Mulenga, anafuta nyanya moja moja kwa kitambaa. Kitambaa ni shati langu la zamani. Watu wamejaa. Nikasimama. Kanisalimia vizuri sana, kwa heshima, kama anavyosalimiwa mteja, kaniuliza natafuta nini. Nikasema napita tu.

Sukari ipo bado. Chungu wameiingia.

Nimekaa nikafikiri kosa lilikuwa wapi. Nimefikiri kweli, bila kujipendelea. Nimelipata! Ni rangi. Nyekundu inavuta macho, na macho yakija, pua inafuata. Lakini bilinganya? Nani ananusa bilinganya? Na bilinganya ni nyeusi. Na chini ya kitanda, nyuma ya viatu, kuna kopo la dawa ya viatu, nyeusi, halijaguswa.

Kesho nanunua bilinganya. Kulthumu simwulizi.