Hakuna cha Nje Humu Ndani

Jumatatu, 3 Juni

Baba mkwe anaachia duka! Katuita sisi wakwe zake wawili, mimi na mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu. Kasema magoti yamechoka kusimama kaunta. Jumapili atapita kwa kila mmoja wetu kukagua. Nyumba isiyo na kitu cha kutoka nje ya nchi ndiyo itakayopewa funguo za duka. Mzee huyu alikata njiti kiwanda cha viberiti miaka thelathini na moja. Akiona kitu cha nje, anavimba.

Mimi nagonga mihuri ofisi ya vifurushi. Bosi wangu huniita "Wewe". Mwenye duka haitwi "Wewe". Funguo ni zangu, mwanyumba akalale.

Jumanne, 4 Juni

Nimezunguka soko zima nikisoma maandishi nyuma ya kila kitu. Macho yananiuma. Nimeshika boksi la sabuni lenye picha ya bendera yetu, muuzaji akaniambia bendera ni yetu ila sabuni siyo. Chupa ya chai: kifuniko chetu, tumbo la nje. Sasa mtu afanyeje?

Chumvi tu ndiyo isiyo na ubishi. Nimenunua kilo kumi. Mke wangu kauliza kama tunafungua biashara ya kukausha samaki. Nikamwambia huu ni uzalendo. Kasema uzalendo ungekumbuka na mafuta ya kupikia, maana nilitumwa mafuta.

Jumatano, 5 Juni

Nimemfuma mwanyumba sokoni, kavaa miwani ya jua ili nisimjue. Nimemjua kwa tumbo. Tukaona ndoo kwa wakati mmoja. Ndoo ya mwisho, ya kiwanda chetu, nyekundu! Yeye kashika mpini, mimi nimekumbatia ndoo. Akasema kaiona kwanza. Nikasema macho hayalipi. Tukavutana mpaka karibu na wauza nyanya, watu wakaanza kuweka dau.

Nimerudi na ndoo. Yeye karudi na mpini. Nani mshindi hapo? Ila kubeba maji sasa ni lazima kupakata kama mtoto.

Alhamisi, 6 Juni

Nimelala na kuamka na akili! Kwa nini nitafute mali ya ndani, wakati naweza kutafuta maboksi ya ndani? Mali ibaki ile ile, nguo tu ibadilike.

Nimeshinda jalalani. Mama jirani kaniona nimeinama kwenye takataka, akaniletea sahani ya chakula na kuniambia maisha ni kupanda na kushuka. Sikutaka kumvunja moyo, nimekula.

Nimepata maboksi kumi na manne. Dawa ya meno imeingia vizuri. Njiti za nje nimezihamishia kwenye kiberiti cha kiwanda cha mzee mwenyewe. Hapo nimemaliza! Sabuni ya unga imekaa kwenye pakiti ya sukari, hakukuwa na saizi nyingine. Mke wangu hajui lolote.

Jumamosi, 8 Juni

Mke wangu kanitengenezea chai. Chai imetoa povu.

Ningefanya nini? Kusema ni kutoboa siri. Nimekunywa kikombe kizima nikitabasamu. Kauliza sukari imekolea? Nikajibu imekolea sana, na kiputo kidogo kikatoka mdomoni. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nimejifanya sikusikia. Tumbo safi, lakini.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya siku. Mzee alianzia kwa mwanyumba asubuhi, nami nikamfuata nyuma. Kumbe yule bwana kaficha vitu vyote vya nje chini ya godoro. Mzee kakaribishwa akae kitandani, miguu ikaning'inia, na redio ikaanza kuimba chini yake. Nilicheka hadi nikashika ukuta.

Kisha zamu yangu. Mzee kakagua sabuni, akatikisa kichwa kwa furaha. Kakagua dawa ya meno, akanipigapiga bega. Nikaanza kuwaza rangi ya kupaka duka. Mke wangu akaomba kiberiti awashe jiko. Mzee akasema leteni, niwashe mimi, huyu ni mwanangu huyu.

Katoa njiti moja. Kaishika, kaitazama. Hakuiwasha. Kaiweka mezani, na njiti ikabingirika, polepole, ikaanguka chini. Mwanyumba, ambaye hata hakualikwa, akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mzee akasema njiti ya kiwanda chao ina pembe nne. Haibingiriki. Alizikata yeye, kwa mikono hii. Akauliza, kwa sauti ndogo kabisa, jiko langu lina kinyongo gani naye. Niliona aibu kwelikweli. Niliona aibu dakika tatu nzima.

Mke wangu akafungua droo ya pili. Viberiti vya mzee, pakiti nzima! Kasema ananunua hivyo tangu tuoane. Sabuni ya kipande ya kwetu, masufuria ya kwetu, mashuka ya kwetu. Vya nje humu ndani ni vile ninavyoleta mimi, na droo hata sijui ziko ngapi.

Mzee akafuta macho. Funguo kampa binti yake.

Jumatatu, 10 Juni

Duka linatafuta mtunza stoo! Tumeomba wawili, mimi na mwanyumba. Usaili Jumamosi. Anayeuliza maswali ni mke wangu, mzee atakaa pembeni akisikiliza.

Safari hii sikosei. Nimetafakari sana nilipoteleza, na nimegundua: ni lile umbo tu. Nimenunua wembe. Nazichonga njiti za nje moja moja ziwe na pembe nne. Hadi sasa ziko kumi na moja, na nyingine moja imetoka na pembe tatu. Vidole viwili nimevifunga kitambaa.

Mke wangu kapita, kanitazama, kauliza kwa nini nisichukue tu zile za kwenye droo.

Nimemwambia asinipotezee muda, watu tuko kazini.