Ukumbi wa Chini, Nyuma ya Jiko

Jumamosi, 2 Novemba

Shajara yangu, niwie radhi. Tangu Pasaka sijakufungua. Sikuugua, wala sikusafiri. Nilikosa tu la kuandika. Mwalimu mkuu mstaafu, katika nyumba yenye watu wawili, ataandika nini? Jua limechomoza. Mama Happiness amepika. Jua limezama.

Leo lipo la kuandika. Binti yetu Happiness amepiga simu kutoka Dodoma. Watakuja Desemba, yeye na wajukuu wetu, Lukasi na Anna. Nikauliza watakaa kwa muda gani. Akasema, "Tutaona, baba." Naifahamu hiyo "tutaona". Mwaka jana walikuja kwa likizo nzima, wakaondoka siku ya tatu. Nilikuwa napita mlangoni nikamsikia Lukasi akimnong'oneza mama yake kwamba kwa babu hakuna kitu, na kwamba kesho kuna imla nyingine. Ni kweli, nilikuwa nawapa imla kila asubuhi. Nilidhani wanafurahi.

Mwaka huu watakaa. Nina mpango! Mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Kanada alinitumia picha ya nyumba yake. Chini ya nyumba, ndani ya ardhi, kuna chumba kizima: zulia, makochi, televisheni pana kama ubao wa darasa. Watoto wake wamekaa humo na hata mpiga picha hawamtazami. Nimeiangalia picha hiyo mpaka simu imezimika. Watoto wasiotaka kutoka! Ndicho hasa ninachokitafuta.

Juu haiwezekani. Sebuleni hukutana jumuiya ya kanisa, na Mama Happiness ameapa kwamba televisheni haitaingia humo yeye akiwa hai. Kuhusu chini hakusema lolote.

Jumanne, 5 Novemba

Bajeti imekamilika. Kuchimba, kuta za tofali, ngazi, zege la juu, makochi, feni, televisheni. Nilikuwa nimeweka fungu la dharura, nikalifuta. Jambo lililopangwa vizuri halina dharura. Hata hivyo jumla imezidi akiba yetu, pamoja na fedha za kuezeka upya jiko. Fedha za jiko nimezihamisha kwa muda. Mhusika nitamwarifu wakati ufaao.

Mhusika amekwisha kujua. Ameniuliza kama nimewahi kukiona kisima cha jirani yetu, Mzee Shafii, ambacho siku za bamvua, bahari ikijaa sana, maji yake unayachota kwa kuinama tu. Nikamjibu kwamba kisima ni kisima na ukumbi ni ukumbi. Kwetu Newala mtu huchimba mpaka achoke, asikute hata unyevunyevu. Akasema hapa si Newala, hapa ni Mikindani, na bahari ile pale. Akanyoosha mwiko. Nikamwambia najua bahari ilipo.

Nilikwenda mjini, madukani Chikongola, nikanunua televisheni kwanza, ili nisije nikarudi nyuma. Imo ndani ya boksi, chini ya kitanda. Haikuenea. Kila nikiamka naikanyaga.

Sasa fedha za kuchimba hazipo. Hilo sikulitazamia.

Ijumaa, 8 Novemba

Bakari, mchimbaji wa visima na vyoo, amekuja na wenzake wawili kutazama kazi. Nilikuwa nimekwisha kupigilia vigingi na kufunga kamba, kati ya jiko na ukuta wangu wa mawe unaopakana na Shafii. Nikawaeleza kwa utaratibu: chumba cha chini ya ardhi, cha kutazamia mpira na katuni. Wakatazamana.

Bakari akacheka kwa adabu. Akasema, "Mwalimu, sisi si watoto. Hapa na Boma la Mjerumani ni pua na mdomo. Tusifichane." Akanikumbusha habari ambayo kila mtu wa hapa anaisadiki: Wajerumani walipokimbia vita walizika masanduku ya rupia, na wanaojua yalipo huchimba nyuma ya nyumba na kusema wanachimba choo. Choo, akasema, angalau kinaaminika. Nikarudia: katuni. Akanikonyeza! Kisha akasema ujira hawautaki. Wanataka theluthi, sanduku likitoka.

Hapa ndipo nilipokosea, na nilijua wakati uleule. Nilitakiwa kusema kwa mara ya tatu kwamba hakuna sanduku. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa. Nikakifunga. Asiyejibu hajadanganya, nilijiambia. Wanafunzi waliowahi kunipa sababu hiyo niliwachapa.

Bajeti imesawazika.

Jumatano, 13 Novemba

Miaka yote niliyosimamia shamba la shule sikuona bidii ya namna hii. Wanafika alfajiri, hawapumziki, hawaombi chai. Udongo wanauchekecha kwa vidole. Shimo limempita Bakari kichwa. Moyo wangu haukutulia, lakini shimo ni zuri, pembe zake zimenyooka.

Jana Bakari alikuja na mganga wa kuituliza mizimu inayolinda sanduku. Mimi, mzee wa kanisa! Nilijifungia ndani na kuvuta pazia. Kuku mweupe nimemlipia mimi. Katika bajeti nimemwandika chini ya "Ushauri wa kitaalamu". Mama Happiness ameomba mtaalamu, akija tena, asiache manyoya kwenye kamba ya nguo.

Leo imetoka chupa. Chupa ya kijani, tupu, imevunjika shingo. Mtaa mzima ukajaa uani! Mzee Shafii akachungulia juu ya ukuta. Huyu ni karani mstaafu wa bandari, na kwa kawaida hunisalimu, "Mtu wa nchi kavu, umeamkaje?" Leo hakutania. Aliuliza sanduku limelalia upande gani. Nikamwambia hakuna sanduku, najenga ukumbi wa televisheni.

"Ewe mwalimu," akasema, "televisheni iko barazani kwangu tangu mwaka juzi, na sikuichimbia kaburi."

Watu wakacheka. Mke wake Latifa akacheka. Nilimsikia hata Mama Happiness, ndani ya jiko.

Alasiri nikasikia sururu upande wake. Anachimba! Ameanzia palepale penye ukuta, ili aniwahi kwa chini. Nilipomuuliza, alinitazama usoni akasema ni choo. Mtu mzima, mwenye wajukuu, kusema uongo namna hiyo!

Jumapili, 17 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu, kama yalivyotokea.

Mwezi ulikuwa mpevu tangu juzi, na maji ya bamvua yamejaa kuliko kawaida. Sikuyafikiria. Bamvua ni habari ya wavuvi, si ya mwalimu. Alfajiri nilikwenda shimoni nikakuta maji yametuama, yamefika nusu. Hayakutoka juu. Yalipanda kutoka chini, polepole, kama mwenye nyumba aliyerudi safari. Niliyaonja. Chumvi.

Mchana yakashuka, nikamshukuru Mungu, nikasema ukumbi utakauka. Jioni tulikwenda kwenye jumuiya kwa Mzee Erasto, na Shafii na mkewe walikuwa harusini Mtwara mjini. Maji yakapanda tena. Ukuta uliosimama kati ya mashimo mawili haukuwa na mahali pa kukanyaga. Ukalala upande wa Shafii. Jiko nalo likaangukia upande wetu. Tuliporudi tulikuta paa lake ndani ya shimo na sufuria zinaelea juu yake, zikizunguka taratibu.

Hakuumia mtu. Naliandika hilo mara mbili ili nilione: hakuumia mtu.

Mama Happiness alisimama ukingoni. Alichukua fimbo ndefu, akavuta sufuria moja, akaifuta kwa khanga, akaingia ndani. Angenifokea ningelala.

Bakari alikuja kutazama. Alitikisa kichwa kwa heshima kubwa. Anasema sasa hana shaka yoyote: Wajerumani waliweka maji kuwa kufuli. Anataka nusu.

Alhamisi, 21 Novemba

Maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Mama Happiness anapika kwa jiko la mkaa kwenye kibaraza cha mbele, mbele ya wapita njia wote. Kila anayepita humpa pole. Hunitazama mimi, kisha humpa pole yeye.

Shimo la Shafii halipo tena. Limejazwa na ukuta wangu! Mawe yote yaliangukia humo, yakalijaza sawasawa, naye akashindilia, akamwaga saruji, akapata sakafu ambayo fundi angemtoza fedha nyingi. Amehamishia televisheni yake hapo na kutandika mkeka. Ameniita kunishukuru. "Ahsante kwa msaada, Mwalimu. Jirani mwema huletwa na Mungu."

Nikadai mawe yangu. Akasema hana ubishi, kila lililo langu nichukue. Nije tu na daftari niite mahudhurio. Litakaloitikia ni langu.

Nilirudi ndani. Jibu nimelipata sasa hivi, siku imekwisha, na wala si zuri.

Jumamosi, 7 Desemba

Wamefika. Nilikuwa nimezungushia shimo kamba ileile ya kupimia na kufunga vitambaa vyekundu. Nilivaa koti.

Anna ametimiza miaka mitano. Alinirukia. Lukasi alinipa mkono kama mtu mzima, akaniuliza kama ni kweli nina televisheni kubwa. Kumbe bibi yake alimwambia kwenye simu! Nikasema ni kweli. Uso wake! Niliungoja uso huo tangu mwaka jana.

Kisha Happiness akazunguka nyuma kunawa miguu.

Nilimfuata nikimweleza. Hapa ngazi, pale makochi, awamu ya kwanza, awamu ya pili. Maji yalikuwa yamejaa. Paa la jiko lilikuwa linaonekana kidogo, kwa chini. Yeye hakutazama nilikokuwa naonyesha. Alikuwa amewashika watoto vifundo vya mikono, mmoja huku, mmoja huku.

"Baba," akasema, "watoto hawawezi kulala hapa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama daktari. Nikamwonyesha kamba. Akaniambia Anna huota na kutembea usingizini. Hilo sikulijua. Babu gani asiyelijua hilo?

Latifa alikuwa amekwisha kusikia, kwa kuwa ukuta haupo. Akasema chumba wanacho, kitanda wanacho, na kwao kuna jiko. Wakachukua mabegi. Nikamuuliza Happiness watakaa kwa muda gani. Watoto walikuwa wamekwisha kuketi kwenye mkeka wa Shafii. Akawatazama, akasema, "Likizo yote, baba. Wanaonekana wamependa."

Likizo yote! Mwaka mzima nimeungoja usemi huo.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Tangu asubuhi wanatazama televisheni. Naona yote kutoka dirishani. Shafii yuko kwenye kiti cha uvivu, wajukuu wangu wako sakafuni, na sakafu yenyewe ni ukuta wangu. Mama Happiness yuko huko pia, anakaanga mihogo na Latifa. Anacheka. Chini ya kitanda changu iko televisheni kubwa mara mbili ya ile.

Saa nne Lukasi alikuja, amepita mbali na shimo kama alivyoamriwa. Alisema, "Babu, njoo, nafasi ipo. Mzee Shafii amesema uje na kiti chako, cha kwake hakuachii." Anna alikuwa ameniwekea mahali kwa kandambili yake moja. Niliiona kutoka pale nilipokuwa, ndogo, ya bluu.

Nilitaka kwenda. Naliandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayelisoma. Lakini nilikuwa na kamba ya kupimia mkononi. Nikamwambia babu ana kazi, labda kesho.

Akasema, "Hata imla tutaandika, babu, ukija."

Nikamwambia akacheze. Akaenda. Baada ya muda Anna akaivaa kandambili yake.

Nimeitafakari nafasi ile asubuhi yote, nami nimeona wazi kosa langu lilikuwa wapi. Nilikwenda chini. Maji hayapandi darini! Juu kuna upepo, kuna mwanga, na Mama Happiness hakuwahi kusema lolote kuhusu dari. Ngazi, mbao, bati chache. Wakikuta ukumbi huko juu, watahama wenyewe kabla ya Krismasi. Nimeandika bajeti mpya. Fungu la dharura sikuliweka.

Nimemwita Bakari. Ametazama paa kwa muda mrefu, mikono kiunoni. Nyumba hii niliijenga mwenyewe, kwa mkopo wa walimu, naye marehemu baba yake ndiye aliyechota mchanga. Hata hivyo amesogea karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama Wajerumani walikuwa na desturi ya kuficha vitu darini.

Sikumjibu.

Nitaandika nikishaamua la kumjibu.