Chipu Haijajibu

Jumatatu, 4 Machi
Skrini za kituo cha mabasi zimezimika tena. Abiria wamezomea! Bosi kasema atakayezituliza ndiye mkuu mpya wa kitengo. Mimi huyo! Programu inayoendesha chipu ya picha nimeiandika mwenyewe: chipu inapewa kazi ya kuchora, zikipita sekunde kumi bila taarifa kwamba imemaliza, programu inahesabu imekwama, inaiwasha upya. Skrini nyeusi. Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, anadai mara nyingi kazi huwa imeisha, taarifa tu ndiyo inachelewa. Eti tuiulize chipu kwanza. Kimbelembele! Nani kamwuliza yeye?

Nyumbani, mama mkwe kauliza lini nitapata kazi ya maana. Anaondoka Alhamisi. Siioni ikifika.

Jumanne, 5 Machi
Dawa nimeipata! Sekunde kumi nimezifanya siku nzima. Acha isubiri, ina haraka ya kwenda wapi? Kutwa haikuzimika skrini hata moja. Bosi kanipigapiga begani. Miwani kauliza chipu ikikwama kweli itakuwaje. Wivu huo. Kiti cha mkuu nimeshakijaribu, kinazunguka vizuri.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Chipu imekwama kweli. Programu ikatulia tuli kusubiri, kama nilivyoiagiza. Ubao wa ratiba, ile skrini kubwa ya kituo, ukaganda asubuhi, pamoja na saa iliyo juu yake. Chini ya ubao nani? Mama mkwe na mabegi yake, anakunywa chai taratibu, maana ubao unasema basi lake bado. Basi likaenda zake. Jioni huyo, mlangoni. Akasema, mwanangu, nasikia ubao ule ni kazi ya mikono yako. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 8 Machi
Miwani ndiye mkuu. Sekunde kumi zimerudi, ila zikipita, programu inauliza kwanza: kazi imeisha? Imeisha, inaachwa. Haijaisha, ndipo inawashwa upya. Mistari michache tu! Skrini zinakwenda vizuri. Imeniuma, nimeshindwa hata kula. Miwani kaniambia kwa upole nisiwe mwepesi wa kuhukumu kitu kwa sababu kimekaa kimya. Nimeitikia. Nimeelewa kabisa.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemwandikia Miwani ujumbe wa kuomba msamaha. Kimya. Nikatazama simu, nikazunguka meza, nikatazama tena. Kimya! Kumbe kanidharau kiasi hicho? Kwa hasira nikamwandikia bosi kwamba naacha kazi.

Hapo hapo likaingia jibu la Miwani. Kasema yamekwisha, kaka, mtandao ulikuwa unasumbua. Tena kamwomba bosi niwe msaidizi wake.

Mungu wangu! Nimempigia bosi afute ule ujumbe. Simu inaita. Inaita. Hapokei.

Basi, kama hapokei, kakubali niache. Nimemwambia mke wangu afungashe, kodi hatutaiweza, tunahamia kwa mama yake.