Azimio Dhidi ya Utepe

Jumatano, 28 Januari

Krrrrr. Sauti hiyo haijanitoka masikioni tangu asubuhi. Ni Mechthild, msichana ninayepakana naye studio, akibandua utepe wa gundi kwenye turubai la kuchorea. Anabandika, anapaka rangi, anabandua. Mstari unatoka umenyooka kama ratiba ya treni zetu kabla treni hazijaanza kutembea.

Maonyesho ya chuo ni wiki ijayo. Jumatatu mmoja wetu atapewa ukuta mkubwa unaopata mwanga wa dirisha la kaskazini. Profesa Brüggemann anataka picha inayojibizana na usasa wa mababu zetu wa uchoraji, wale walioacha kuchora sura na miti wakabaki na miraba. Mimi nimejibizana nao tangu nikiwa msichana wa shule. Mechthild amewagundua juzi.

Nimeandika azimio, tamko la imani yangu ya uchoraji. Mababu hawakushika brashi bila azimio. Langu ni fupi: utepe ni woga, mkono mtupu ndio ukweli. Nimelibandika kwenye jokofu la studio, ambako kila mtu hufuata maziwa ya kahawa.

Ijumaa, 30 Januari

Nimechora miraba kwa mkono mtupu, bila utepe. Inafanana na meno ya babu.

Mechthild alikuja, akainamisha kichwa, akauliza kwa upole kama hii ni ramani ya vile vijibustani vya wastaafu vilivyobanana kando ya reli. Nikamjibu kwamba kuyumba ndiyo hoja yenyewe. Akauliza, "Hoja imekunywa bia ngapi, shoga?" Studio nzima ikacheka.

Nimenunua utepe. Nimeuficha kwenye mfuko wa mkate.

Jumapili, 1 Februari

Siku bora kwa siri. Hakuna mtu studio. Mji mzima umefunga mdomo; hapa kelele za Jumapili ni mwiko. Ukigonga msumari mmoja, jirani yuko mlangoni kulalamika.

Nilibandika, nikapaka, nikasubiri. Nikabandua. Krrrrr. Katika ukimya ule, ungedhani paa la bati linang'olewa. Kumbe Mechthild alikuwa amejilaza kwenye sofa lake, upande wa pili wa ubao unaotutenganisha.

Hakucheka. Alikuja akaegemea ubao, akasema nisivute kwa pupa, rangi itabanduka. Kisha: karibu chamani, mwenzangu. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 2 Februari

Ukuta amepewa Mechthild. Profesa alisema picha yangu ni safi, imenyooka, na angeipenda sana lau asingekuwa anasoma azimio langu kila anapochukua maziwa. Nimepewa korido, kati ya kizima-moto na mlango wa choo.

Nimetafakari kwa kina. Kosa liko wazi. Si utepe. Wala si maazimio, ambayo nayaandika vizuri. Kosa ni kuta. Mababu walikubali kutundikwa, na tazama, wamekufa.

Nimeitoa picha kwenye maonyesho na kuandika Azimio Dhidi ya Kuta. Nimeshalibandika: koridoni, ukutani, kwenye nafasi yangu ile ile. Utepe uliobaki umetosha.