Inchi Nane Kabla ya Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Kuanzia leo sili ovyo.

Kifungua mimba wangu anaolewa Jumamosi ya tarehe 15. Jana alinifuata jikoni, akasema, Baba, nina ombi moja tu. Nikajiandaa kukamuliwa pesa. Kumbe anataka nimpeleke ukumbini nikiwa nimevaa suti niliyoivaa siku namwoa mama yake. Ile nyeusi ya kwenye picha ya sebuleni. Anataka tupige picha mimi na yeye, kisha itundikwe pembeni mwa ile ya zamani. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Machozi yalinilenga, nikasingizia kitunguu.

Suti hiyo niliishona mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, tena fundi haswa. Kiuno changu siku ile kilikuwa inchi thelathini na nne.

Mama watoto alikuwa anasikiliza. Alicheka mpaka akashika meza. Akaleta tepu yake ya kupimia, akanizungusha. Arobaini na mbili! Akaweka sharti papo hapo. Suti isipofunga kifungo kufikia Jumatano ya wiki ijayo, nitavaa suti itakayoshonwa na Nusu Inchi. Nikamwambia nitajishonea mwenyewe. Akanikumbusha kwamba suti yangu mpya niliikata huyu binti akiwa darasa la sita, na mpaka leo haina mikono.

Nusu Inchi ni fundi mwenye chumba cha kazi kinachotazamana na changu. Jina hilo nilimpa mimi. Kila nguo ya mwenzake anayoiona, lazima aseme imepotoka nusu inchi. Mimi nivae nguo ya Nusu Inchi kwenye harusi ya mwanangu, mbele ya wateja wangu wote? Afadhali niende na shuka!

Inchi nane, siku tisa. Si nyingi.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa dada yangu mkubwa, muuguzi. Alikuwa na foleni ndefu, hakuwa na muda wa maneno. Akageuza bahasha kuukuu akaniandikia ratiba mgongoni mwake.

Saa moja: yai, kipande cha mkate, chai bila sukari.
Saa saba: nusu sahani mboga, robo wali, robo maharage.
Saa kumi na mbili: supu ya mboga na tunda.

Chini akapigia mstari maneno haya: tafuna kila tonge mara thelathini, na usile nje ya saa hizi. Akaniambia niifuate neno kwa neno, nisiongeze ujanja wangu. Nikamjibu, Dada, mimi ni mtu wa kufuata maandishi.

Nimeisoma tena nikiwa nyumbani. Hakuandika asubuhi wala jioni! Siku ina saa moja mbili. Ina saa kumi na mbili mbili. Dada amesoma, hawezi kusahau jambo kama hilo. Ameacha wazi kwa makusudi.

Jumatano, 5 Machi

Ratiba ni nzuri sana. Sikujua kupungua kuna raha kiasi hiki.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikunywa supu, nikala ndizi. Saa moja asubuhi, yai na mkate na chai. Saa saba mchana, mboga, wali na maharage. Saa kumi na mbili jioni, supu tena na embe. Saa moja jioni, yai, mkate, chai. Saa saba ya usiku nimeisamehe, nitakuwa nimelala. Huko ndiko kujinyima.

Mama watoto alinikuta na yai la jioni, akauliza ni nini. Nikamwonyesha bahasha. Aliisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia. Akasema haya. Ninavyomjua, neno haya lina vyumba vingi ndani yake, lakini sikutaka kuingia.

Tatizo moja. Sahani zetu ni ndogo, nusu yake haionekani. Ratiba haikusema sahani ya ukubwa gani. Nimeteremsha ile kubwa ya wageni kutoka juu ya kabati.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Mteja amemletea Nusu Inchi keki kwa kumshukuru. Keki nzima! Badala ya kula kwake kimya kimya kama mtu mwenye haya, akaja nayo mlangoni kwangu, akanikaribisha. Akasema amesikia niko kwenye mapambano, basi ninuse tu. Nikajikausha. Nilitazama saa ya ukutani: saa tano. Nje ya ratiba. Mate yalinijaa mpaka nikashindwa kulowesha ncha ya uzi niutunge kwenye sindano, maana kila nikiufikisha mdomoni, unatoka umelowa wote.

Saa saba ilipofika nilikula mezani pa cherehani ili nisipoteze muda. Nikatafuna kama nilivyoandikiwa, nikihesabu. Moja, mbili, tatu, mguu kwenye pedali. Nilipofika thelathini ya tonge la kumi, nikagundua nimeshona suruali ya mwalimu mkuu ikafungwa miguu yote miwili kwa chini. Kama magunia mawili.

Nusu Inchi alikuwa mlangoni kwake anatazama. Akasema mshono umenyooka, ila umepotoka nusu inchi.

Jumapili, 9 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu!

Nimejipima kwa tepu yangu ya kazini. Thelathini na tisa! Inchi tatu kwa siku tano. Nikajipima tena, sawasawa. Nikamwita mama watoto aje aone. Akaja, akaona, akasema haya.

Nimesherehekea kwa kipande cha mkate na siagi. Kimoja. Viwili, kama tukihesabu kile cha pembeni ambacho ni ganda tu. Jioni nilimpigia simu binti yangu nikamwambia suti ipo, na mwenye suti yupo. Alifurahi akapiga kelele. Nikajisikia mwepesi kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui niandike nini.

Asubuhi nilivuka hadi kwa Nusu Inchi. Sikwenda kujisifu. Nilikwenda kumpa habari. Akasema hongera, akachukua tepu yake akanizungusha kiuno bila kuombwa. Arobaini na tatu.

Nikamwambia tepu yake mbovu. Akazilaza zote mbili mezani, yangu na yake, mwanzo kwa mwanzo. Inchi thelathini na tisa za kwangu zilikuwa arobaini na tatu za kwake. Tepu yangu nimeivaa shingoni miaka kumi na mitano, naivuta mchana kutwa. Imelegea! Nikasema kama imelegea, mbona nguo za wateja wangu zinawakaa? Akajibu kwa upole kwamba nawapima kwa hiyo na nakata kitambaa kwa hiyo hiyo, basi makosa yanaoana. Angenicheka ningepata nafuu.

Kwa hiyo sijapungua tatu. Nimeongezeka moja.

Jioni dada akapita nyumbani. Akaniona nakula yai. Akauliza kwa nini nakula mlo wa asubuhi jioni. Nikamweleza habari ya saa moja mbili, na jinsi nilivyoisamehe saa saba ya usiku. Alikaa chini taratibu. Akasema miaka ishirini na sita ya kazi hajawahi kuandika asubuhi mbele ya yai, na hajawahi kupata mgonjwa aliyehitaji kuandikiwa. Mama watoto alikuwa amejificha nyuma ya mlango wa jikoni. Mabega yake yalikuwa yanacheza.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile ile. Akasema nilikuwa na furaha sana.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimefuata ratiba kama dada alivyotaka. Milo mitatu. Sahani ya kawaida. Maji glasi nane. Nimetembea kwenda kazini na kurudi.

Sikutegemea, lakini nimeweza. Saa tisa alasiri tumbo lilinguruma mpaka mteja akageuka kutazama mlangoni. Nikapiga moyo konde. Nilipokula supu jioni, karoti ilikuwa tamu. Sijawahi kuandika maneno hayo maishani. Dada anasema nikienda hivi miezi sita, kiuno kitapungua chenyewe.

Miezi sita! Mimi nina siku moja.

Jumatano, 12 Machi

Nimeijaribu suti. Kifungo na tundu lake havikuonana hata kwa mbali.

Nilijifungia chumbani kwangu kazini nikaiweka mezani. Ujanja upo, kila fundi anaujua: ndani ya mshono huwa tunabakiza akiba ya kitambaa, mwenye nguo akinenepa unaifungua. Nikafumua. Akiba hakuna. Imeshatumika yote! Nikawaka. Nani kaichezea suti yangu? Nikatazama mshono kwa karibu. Ni wangu. Nikakumbuka: mwaka ule mdogo wangu alipooa. Niliifungua kimya kimya mpaka thelathini na saba, nikasahau.

Kwa hiyo nilikuwa nahitaji inchi tano tu toka mwanzo, ambazo sasa ni sita. Ukitazama vizuri, hayo ni maendeleo.

Lakini inchi sita zitoke wapi? Inabidi kuingiza kipande kila upande. Kitambaa cheusi cha namna ile sina. Anacho Nusu Inchi.

Nyumbani mama watoto akauliza kama kifungo kimefunga. Nikasema bado pasi kidogo. Akasema haya. Binti yangu alikuwa amekuja, amekaa sakafuni chini ya picha, anapima kwa mkono msumari wa pili upigwe wapi. Nikaona haya hata kuvua viatu. Nikimwangusha kwa hili, sijui nitamtazama na uso gani siku ya Jumamosi.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikwenda kwa Nusu Inchi saa mbili asubuhi, suti ndani ya mfuko. Nilikuwa nimepanga uongo mzuri kuhusu panya. Nilipofungua mdomo, ukatoka ukweli wote. Nikamwambia, Fundi mwenzangu, nimeshindwa, na mwanangu anasubiri.

Hakucheka. Akafunga mlango, akageuza kibao cha mlangoni kisomeke Tumefunga. Akasema ana mabinti watatu, anajua. Kisha akatoa kitambaa cheusi chini ya meza, mita tatu zimekunjwa vizuri. Nikasema siwezi kuchukua kitambaa cha mteja wake. Akajibu kwamba mteja mwenyewe ni mimi. Mama watoto alikileta tangu tarehe 4, pamoja na vipimo vyangu, akamwambia asikate kwanza. Alimwambia nitakuja tu mwenyewe, anipe muda.

Tarehe 4! Siku mbili baada ya kunipa sharti. Nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na minne, na bado sijui nani anaendesha nyumba. Hapana, najua.

Tulishona pamoja hadi alasiri. Yeye koti, mimi suruali. Ana mkono mwepesi, siwezi kukataa. Alipoangalia mshono wangu wa kushoto akasema umepotoka nusu inchi. Nikapima kwa tepu yake. Ulikuwa umepotoka nusu inchi. Nikaufumua.

Jumamosi, 15 Machi

Kifungo kimefunga!

Binti yangu aliponiona mlangoni alinitazama kuanzia kola hadi viatu, akaanza kulia, akaharibu poda yote. Mashangazi wakakimbia na vitambaa. Akanishika mkono, akaninong'oneza, Baba, umepungua kweli. Nikavuta tumbo ndani. Tukaingia ukumbini watu wote wamesimama, na mimi nilitembea kama mtu wa inchi thelathini na nne.

Nusu Inchi alikaa mstari wa tatu. Hakusema neno kwa mtu. Nilipopita aliinua kidole gumba.

Watu sita wameniuliza nimepungua vipi. Wa kwanza nilimjibu kwa unyenyekevu. Wa sita nilimweleza kwa kirefu, hasa habari ya nidhamu. Nikarudi mezani mara tatu. Ni harusi ya mwanangu, sikutaka wapishi wavunjike moyo.

Jumanne, 18 Machi

Picha zimetoka. Msiba.

Kitambaa kipya na cha zamani vilikuwa vyeusi sawa mchana. Mwanga wa kamera umevitenganisha. Ubavuni mwangu kuna mistari miwili mipana, inang'aa, kutoka kwapani hadi kwenye viatu. Kila upande inchi tatu kamili, unaweza kuzisoma kwa macho.

Binti yangu alikuja na mumewe kuleta picha. Nilitaka sakafu inimeze. Akaitazama, akanitazama, akaelewa yote. Akacheka mpaka akakaa chini, akanivuta nikakaa naye, akasema hajawahi kuona suti inayompenda mtu kiasi kile. Kisha akapanda kiti, akaitundika mwenyewe pembeni ya ile ya zamani. Nikamwambia tunaweza kupiga nyingine. Akasema ole wangu niiguse. Mama watoto akaleta chai, akanitilia sukari bila kuuliza.

Alasiri, makubwa! Amekuja bwana mmoja aliyekuwa harusini. Anataka suti yenye mistari ubavuni kama ya baba wa bibi harusi. Anasema inamfanya mtu aonekane mwembamba. Baada yake wakaja wengine wawili.

Wembamba wote huu ulikuwa kwenye kitambaa, na mimi nilikuwa nautafuta kwenye karoti! Nimempa Nusu Inchi habari hiyo. Akasema dada yangu muuguzi alipita kwake kuuliza kama bado nafuata ratiba. Nikamwambia amjibu kwamba utafiti umesonga mbele.

Tumeagiza kitambaa kile kile, mzigo mzima, tutashona pamoja. Mita mbili nimezikata mapema nikaziweka kando, ndani ya sanduku langu. Hizo si za mteja. Mdogo wake bibi harusi naye ana mchumba, na sherehe ni mwakani.