Kamera ya Banda la Kuku

Jumatatu, 6 Mei
Leo umaskini umehama kwangu. Mimi mwenyewe nimeusindikiza hadi mlangoni. Nimefunga kamera kwenye banda la kuku wa mke wangu. Sasa kila kuku namwona kwa simu, nikiwa nimejilaza. Mayai yao ndiyo viatu vya binti yetu, na shule inafunguliwa Jumatatu ijayo.
Mke wangu kauliza hela ya kamera imetoka wapi. Nikamwambia wataalamu hawaulizwi vitu vidogo. Kaenda stoo. Karudi. Kauliza gunia la chakula cha kuku liko wapi, na je, baba watoto, kuku sasa wale kamera?
Nalala sebuleni.

Jumatano, 8 Mei
Picha safi ajabu. Kuku wanakonda, lakini unaona kila unyoya. Yai hata moja hakuna. Jirani yetu Fundi Cherehani, mtu ambaye simu yake imefungwa kwa raba, kachungulia juu ya ua akasema kuku anataka kula, hataki kutazamwa. Wivu tu.

Alhamisi, 9 Mei
Bando limekata. Nimekung'uta pumba zilizobaki stoo, nikamuuzia Fundi Cherehani, nikanunua bando. Mke wangu kashika kichwa. Nikamuuliza taratibu: bila bando tutajuaje kama kuku wana njaa?

Jumamosi, 11 Mei
Ushindi! Kamera imewanasa kuku wote, jogoo mbele, wakipenya tundu la ua kwenda kwa Fundi kula pumba zilezile. Wametaga hukohuko. Nimemwita mke wangu aone ubora wa picha. Kaitazama mpaka mwisho. Kanirudishia simu. Kisha naye kaenda kwa Fundi, ila yeye kapitia mlangoni.

Jumapili, 12 Mei
Wamepatana. Fundi alishe, mayai wagawane nusu kwa nusu. Mimi sikuulizwa. Asubuhi mke wangu kaing'oa kamera, kaenda nayo sokoni, karudi na viatu. Binti kavivaa, anatembea navyo juu ya mkeka ninaolalia, na mimi machozi yananilengalenga. Kanafurahi, katoto kangu.
Basi viatu vimenunuliwa na nini? Na kamera. Nilisema tangu Jumatatu.
Sasa ni zamu ya baiskeli yangu. Wezi wamezidi. Kuna kifaa unakificha chini ya kiti, simu inakuonyesha baiskeli ilipo, popote duniani. Ila bei yake imechangamka.
Mnunuzi wa baiskeli anakuja kesho asubuhi.