Ombi la Kurudishiwa Kipupwe Chetu

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Utabiri wa Hali ya Hewa

Ndugu Mkuu,

YAH: KUFUTWA KWA BARIDI YA PWANI BILA KUWASHIRIKISHA WAHUSIKA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, tena umekaa kivulini. Mimi si mzima sana. Ni fundi friji, nina miaka hamsini na tisa, na karakana yangu iko mbele ya nyumba yangu, kibao kinaonekana tangu barabarani. Kwa hiyo huwezi kusema ulinitafuta kwa ushauri ukanikosa.

Jumatatu ya wiki iliyopita, saa moja asubuhi, redio yetu ilisoma mwelekeo wako wa msimu wa kipupwe. Ulisema nyanda za juu zitapata baridi kali. Hongera zao. Kisha ukasema, na haya niliyaandika nyuma ya kalenda ili usije ukayakana: "Maeneo ya pwani yanatarajiwa kuwa na joto la nyuzi mbili juu ya wastani, na baridi haitarajiwi kuhisika." Halafu ukatutakia asubuhi njema. Njema kwa nani, Ndugu Mkuu?

Ili unielewe sina budi kukuingiza chumbani kwangu. Mimi na mke wangu tuna miaka thelathini na moja ya ndoa na mkataba mmoja usioandikwa. Mwili wangu una joto, nimezaliwa hivyo. Mke wangu, ambaye hushona sare za shule, husema kulala na mimi wakati wa joto ni sawa na kulala na pasi iliyosahauliwa kwenye umeme. Basi joto likianza hubeba mto wake akahamia chumba cha pili, kile alichokiacha binti yetu alipoolewa. Kipupwe kikitangazwa, hurudi. Hangoji baridi yenyewe, hungoja tangazo. Anaiamini ofisi yako kuliko anavyoniamini mimi, na sikuwahi kulalamika kwa sababu ilikuwa inanifaa.

Safari hii alikuwa ameshafika mlangoni, mto kwapani. Redio iliposema "juu ya wastani" akasimama. Akasema, "Umewasikia wenyewe, mzee," akageuka na mto wake. Nilibaki na blanketi nililolianika juani siku mbili kwa ajili yake.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hukutoa notisi. Hata wanaokata maji hutuarifu siku mbili kabla, ili tujaze ndoo. Wewe umekata baridi ya miezi mitatu kwa sentensi moja, tena katikati ya tangazo la sabuni na tangazo la dawa ya mende.

2. Wastani wa nani? Nimepita mtaa mzima, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuulizwa. Muuza mikate wa kona anasema juzi alfajiri alivaa soksi. Soksi, Ndugu Mkuu! Ninao mashahidi wawili, ingawa mmoja wao ni yeye mwenyewe.

3. Kipimajoto chenu kinaonewa. Nilikwenda kukitazama kule nyuma ya uwanja wa ndege: kisanduku cheupe chenye miguu minne, kimeachwa uwanjani peke yake kutwa nzima. Nani akiwekwa pale hatasema kuna joto? Nilikuwa nimebeba mfuko wa barafu, kwa nia njema kabisa ya kukisaidia, lakini mama mpimaji akanifukuza hadi getini. Naomba tu iandikwe kwenye rekodi kwamba vipimo vizuri vya siku ile mlivikataa wenyewe.

4. Hata hilo joto lenyewe mmelikosea. Mganga hajigangi, wanasema, nami nilijaribu kuwathibitishia kuwa wanakosea. Mwenye bucha aliniletea friji yake kubwa niitengeneze. Ilipopona sikuirudisha, niliiingiza chumbani kwangu. Chumba ni kidogo, kwa hiyo mgongo wake ukatokeza kwenye lile dirisha la ndani lililo ukutani baina ya chumba changu na cha mke wangu. Nikaiwasha, nikaufungua mlango wake wazi. Nusu saa haikupita, nimevaa sweta! Kipupwe halisi. Lakini mke wangu, ng'ambo ya ukuta huohuo, akaanza kulalamika kwamba anaiva. Nikampelekea kipimajoto changu cha kazi. Nyuzi joto thelathini na tano. Ninyi mlisema mbili tu juu ya wastani! Mimi ni fundi, najua joto halizuki bure, lazima linatoka mahali. Ni mahali gani? Nataka maelezo ya kitaalamu, kwa maandishi.

5. Blanketi. Miaka yote tumeligombania: yeye hulivuta, mimi hulirudisha, na asubuhi kila mmoja humwita mwenzake mwizi. Sasa linaamka palepale lilipolala. Nimemkosa, Ndugu Mkuu. Yuko upande wa pili wa ukuta, namsikia akikohoa, na nimemkosa. Sijui kama mna fomu ya jambo hilo.

Kwa muda mrefu nimewasifu ninyi mbele za watu. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Ninachoomba si kikubwa. Utabiri wa pwani ufutwe na usomwe upya, saa moja asubuhi, na dada yuleyule wa redio, maana ndiye mke wangu anayemwamini. Baridi ya kweli siidai. Nyuzi ziacheni zilivyo, mimi nataka tangazo. Kama mnaogopa watu wengine watalalamika, basi litangazeni kwa nyumba yetu peke yake. Na kama hilo nalo haliwezekani, naomba nyumba yetu ihesabiwe katika nyanda za juu. Ina ngazi sita kutoka barabarani, njooni mzihesabu.

Nisalimie wasaidizi wako wote, dada wa redio, na mama mpimaji. Mwambie barafu iliyeyuka njiani na kinyongo kiliyeyuka nayo.

Ni mimi, raia mwenye joto lake,
Fundi Friji

Baada ya kutia sahihi: Naomba yote ya hapo juu uyapuuze. Asubuhi hii, kabla sijafunga bahasha, mke wangu ameingia na mto wake. Anasema kule hakukaliki na kwamba ofisi yako ilisema kweli tupu. Amejilaza, amelivuta blanketi lote. Usibadilishe hata neno. Kama mnaweza kuongeza joto kidogo, ongezeni. Na akitokea fundi yeyote wa kukueleza friji hutupia wapi joto lake, usimsikilize, mafundi wengi ni waongo.

Kwa mwandiko mwingine: Ndugu Mkuu, mimi ndiye mke. Nimepewa barua niipeleke posta, na mimi sipeleki nisichokisoma. Mgongo wa friji niliuona siku ileile ya kwanza. Huwezi kukaa na fundi friji miaka thelathini na moja usijue joto linatokea upande gani. Nilivumilia siku nne nikingoja aje mlangoni aseme "rudi," neno moja tu. Hakuja, nikachoka kungoja, nikaja mwenyewe. Kumbe alikuwa anakuandikia wewe kurasa tatu. Hiyo namba tano nimeisoma mara mbili, na ya pili nililia kidogo. Mwakani tangazeni mnachotaka, mto wangu hautoki tena chumbani. Ila mwenye bucha akiwauliza, friji yake bado haijapona.